Bill Wilson, mlevi aliyepona kwa kutafuta mlevi mwenzake

Hebu fikiria ni wewe. Ni Jumamosi alasiri, uko katika mji usio wako, mfukoni umebaki na dola 10 hivi na hoteli inakudai. Dili iliyokuleta imekufa, na wenzako mliokuja nao wameshaenda zao. Una miezi mitano tu tangu uache pombe, na kabla ya hapo ulikuwa mlevi wa kulazwa hospitalini. Upande mmoja wa ukumbi wa hoteli kuna baa, vicheko vinasikika. Upande wa pili kuna simu.

Huyo alikuwa Bill Wilson, tarehe 11 Mei 1935, katika hoteli ya Mayflower mjini Akron, jimbo la Ohio, Marekani. Alizungukazunguka pale ukumbini, akaanza kujidanganya kwamba akiingia baani anywe soda tu, haina neno. Kisha akashtuka. Akaenda kwenye simu.

Sasa hapa sikiza vizuri. Hakumpigia mkewe, wala daktari wake. Alimpigia mchungaji asiyemjua hata kidogo, jina alilolitoa kwenye orodha ya makanisa iliyokuwa pale hotelini, akamwomba amsaidie kupata mlevi. Si mtu wa kumwombea, si mtu wa kumpa nauli. Mlevi. Yeyote yule, mradi bado anahangaika na chupa, wakae chini waongee.

Nakusimulia haya kwa sababu najua baadhi yenu mnaosoma ukurasa huu mmeanza kuifikiria kazi hii, na wengine mnaifanya tayari bila kuipa jina. Ni kazi ya mtu aliyewahi kuzama katika pombe, dawa za kulevya au ugonjwa wa akili, akatoka, kisha akarudi kuwashika mkono walio bado ndani. Huku kwetu tumezoea kumwita mshauri rika. Jina lenyewe linachanganya kidogo, maana rika tunalijua ni la umri. Hapa rika ni la masaibu: tulizama mto mmoja, ndiyo maana tunaelewana. Kijana wa miaka 24 anaweza kuwa mshauri rika wa mzee wa 60, na mzee akatulia akamsikiza.

Marekani siku hizi hiyo ni kazi rasmi, ina mafunzo, cheti na mshahara. Jimbo la Georgia ndilo lililotangulia, mwaka wa 1999, kulipia huduma hiyo kupitia Medicaid, ule mpango wa serikali wa kugharamia matibabu ya watu wa kipato cha chini. Kazi hii ina mizizi mingi, lakini mmoja mkubwa unatokea pale kwenye simu ya Akron. Na ukiufuata utakutana na swali linalowakera washauri rika hadi leo: je, ni sawa kulipwa kwa sababu uliwahi kuumia?

Huzuni ilitangulia chupa

William Griffith Wilson alizaliwa tarehe 26 Novemba 1895 katika kijiji cha East Dorset, jimbo la Vermont, kwenye hoteli ya familia, katika chumba kilichokuwa nyuma ya baa. Najua, inaonekana kama hadithi ya kutunga, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Alipokuwa na miaka kama kumi, babake aliondoka. Mamake naye akaenda Boston kusoma. Bill na dadake Dorothy wakabaki kwa babu na nyanya, wazazi wa mama. Babu huyu siku moja alimwambia kijana kwamba hakuna mtu asiye wa Australia awezaye kutengeneza bumarengi, lile gongo lililopinda ambalo ukilirusha linakurudia. Bill alikesha na mbao kwa miezi. Alifikia hatua ya kukata kipande cha kitanda chake. Mwishowe akairusha, ikarudi. Shika tabia hiyo, tutaihitaji mbele.

Akiwa shule ya upili alimpenda msichana aitwaye Bertha Bamford. Novemba 1912 Bertha alifariki baada ya kufanyiwa upasuaji. Bill akaanguka. Kusoma hawezi, kucheza hawezi, na mwaka huo wenzake walimaliza shule bila yeye. Leo tungesema alishikwa na sonona, ile huzuni nzito isiyoondoka hata ukilala. Zingatia kwamba wakati huo alikuwa hajawahi kuonja pombe. Tunapenda kusema mtungi ndio uliomharibu fulani, na mara nyingine ni kweli. Kwa Bill, huzuni ilitangulia chupa kwa miaka mitano.

Chupa ilikuja 1917, akiwa afisa kijana wa jeshi, Marekani ikiwa imeingia Vita Vikuu vya Kwanza. Alikuwa mrefu, mwenye haya, asiyejua mikono aiweke wapi akiwa mbele za watu. Kwenye karamu akapewa kinywaji, na ile haya ikayeyuka. Ghafla akawa anaongea, watu wanacheka, yeye ni mmoja wao. Kama umewahi kusimama pembeni kwenye sherehe ukiwa na glasi yako ya kwanza, huhitaji nikueleze zaidi.

Januari 24, 1918 alimuoa Lois Burnham wa Brooklyn, binti wa daktari, aliyemzidi umri kwa miaka minne. Bill akaenda vitani Ulaya, akarudi, akasomea sheria lakini cheti hakukichukua, akajitosa katika soko la hisa la New York. Huko aling'aa kwa muda. Mwaka wa 1925 yeye na Lois walipanda pikipiki yenye kigari cha pembeni wakazunguka wakikagua viwanda, ili Bill ajue hisa za kampuni gani zinafaa kununuliwa. Pesa zikaingia. Pombe nayo ikaongezeka, na soko lilipoporomoka Oktoba 1929 alibaki na pombe pekee. Walihamia nyumba ya wakwe, nambari 182 mtaa wa Clinton, Brooklyn. Lois akaajiriwa dukani, na mshahara wake ndio uliowalisha. Bill aliiba pesa kwenye mkoba wa mkewe akanunue pombe. Sitaki ujisahau ukadhani nakusimulia kuhusu shujaa.

Rafiki aliyekataa glasi

Shemeji yake, ambaye alikuwa daktari, ndiye aliyegharamia matibabu katika hospitali ya Towns jijini New York, iliyoshughulikia walevi wenye uwezo. Bill alilazwa humo mara nne kati ya 1933 na 1934. Daktari William Silkworth alimweleza jambo ambalo siku zile wachache walilisema: kwamba ulevi wake ni ugonjwa, mwili hauwezi kustahimili pombe na akili haiwezi kuiacha. Bill alifurahi kusikia. Kisha akatoka akalewa. Unaona, kuelewa ugonjwa wako ni kitu kimoja na kupona ni kingine.

Mwishoni mwa Novemba 1934 alitembelewa na Ebby Thacher, mlevi mwenzake wa tangu ujana. Bill aliweka mezani jini iliyochanganywa na maji ya nanasi, akamsogezea glasi. Ebby akaikataa. Hakuwa amelewa, macho meupe. Alisema amejiunga na kikundi cha dini kilichoitwa Oxford Group, anakiri makosa yake, anayarekebisha, anaomba, na kwa sasa hanywi. Hakuhubiri sana. Alikaa tu hapo jikoni, ushahidi hai.

Kama ni padri aliyekuja, Bill angemfukuza. Daktari, angemsikiza kwa heshima kisha anywe. Lakini huyu ni Ebby, aliyekuwa karibu kufungiwa kwa sababu ya pombe! Bill hakuweza kulitoa jambo hilo akilini. Tarehe 11 Desemba alirudi hospitalini Towns, na hakuonja tena hadi kufa.

Akiwa kitandani humo alisema aliona mwanga mweupe ukijaa chumbani na amani kubwa ikamshukia. Wapo wanaosema ni dawa za hospitali hiyo ndizo zilizomfanya aone maajabu. Wewe amua. Mimi linalonivutia zaidi ni lililofuata.

Bill alitoka hospitalini akiwa na moto wa aliyeokoka juzi. Akawa anawafuata walevi kwenye makao ya kanisa na hospitalini, anawasimulia kuhusu ule mwanga, anawaleta hadi nyumbani. Miezi mitano. Unajua walipona wangapi? Hata mmoja. Alipomlalamikia Lois, mkewe alimkumbusha kwamba yupo mmoja ambaye hajalewa muda huo wote, na ni yeye Bill. Dkt Silkworth naye akamshauri aache mahubiri ya mwanga. Aanze na ugonjwa, aeleze jinsi yeye mwenyewe alivyoumia, mambo ya Mungu yaje baadaye mtu akiwa tayari.

Mambo hayo mawili ndiyo aliyokuwa nayo kichwani pale hotelini Akron.

Dakika 15 zilizogeuka saa sita

Yule mchungaji alimpa majina kadhaa. Akapiga moja baada ya jingine hadi akampata mama mmoja, Henrietta Seiberling, aliyekuwa ameolewa katika familia iliyoanzisha kampuni ya matairi ya Goodyear. Mama huyu alikuwa akimwombea rafiki yake, daktari wa upasuaji aitwaye Robert Smith, ambaye pombe ilikuwa inammaliza. Alipopokea simu ya mgeni anayesema ni mlevi anayetafuta mlevi, alichukulia kwamba maombi yamejibiwa.

Siku iyo hiyo haikuwezekana, daktari alikuwa amelewa chakari. Wakakutana Jumapili jioni, Mei 12, Siku ya Akina Mama. Dkt Bob, kama alivyojulikana baadaye, alikuwa na miaka 55, mikono inatetemeka, na alikuwa amemwambia mkewe kwamba hakai zaidi ya dakika 15. Alikaa saa sita.

Tofauti ilikuwa nini? Watu wengi walikuwa wameshamshauri Dkt Bob, na isitoshe yeye ni daktari, madhara ya pombe anayajua kuliko hao washauri. Bill hakumpa ushauri. Alimsimulia alivyoiba kwenye mkoba, alivyojificha, alivyoahidi na kuvunja ahadi, na akamweleza wazi kwamba hakuja kwa ajili yake tu. Amekuja kwa sababu asipoongea na mtu kama yeye, atarudi baani. Fikiria hilo lilivyomgusa mgonjwa. Kwa mara ya kwanza hakuwa mzigo wa mtu. Alikuwa anahitajika.

Hii ndiyo kazi yenyewe, ndugu yangu. Mengine yote, fomu, ripoti, mafunzo ya wiki mbili, yamejengwa juu ya jioni hiyo.

Lakini usidhani Dkt Bob alipona papo hapo. Bill alihamia kwake, wakaishi pamoja, na wiki chache baadaye daktari akaenda kwenye kongamano la madaktari mjini Atlantic City, akarudi amelewa hajijui. Mbaya zaidi, alikuwa na upasuaji wa kufanya. Asubuhi ya siku hiyo Bill alimpa bia, ile mnaita kutoa loki, mikono itulie. Daktari akaingia kazini. Alipomaliza, badala ya kurudi nyumbani alizunguka mjini akiwatembelea watu aliowakosea, akiomba radhi. Hiyo bia ilikuwa ya mwisho. Tarehe 10 Juni 1935 ndiyo inayohesabiwa kuwa siku ya kuzaliwa kwa AA, yaani Alcoholics Anonymous, chama cha walevi wasiotaja majina.

Wa tatu alikuwa wakili, Bill Dotson, waliyemkuta amefungwa kitandani katika hospitali ya mji kwa sababu alikuwa amewapiga wauguzi. Walikaa naye, wakaeleza yao. Baada ya siku chache alitoka hospitalini na hakunywa tena.

Kazi aliyoambiwa aikatae

Bill alirudi Brooklyn na kugeuza nyumba ya Clinton kuwa makao. Walevi walilala kila chumba. Lois alikwenda dukani asubuhi, akarudi jioni kuwapikia na kuwafulia. Kati ya hao waliolala humo, karibu hakuna aliyepona wakati huo. Mmoja alijitoa uhai humo ndani, na ikagundulika alikuwa ameshauza nguo za Bill.

Niseme ukweli, sehemu hii hunikasirisha kidogo. Washauri rika wa leo wanafundishwa mipaka: usimlaze mteja kwako, usimkopeshe, kuwa na mtu wa kukusimamia ambaye utamwambia mambo yakikulemea. Bill hakuwa na hayo, na aliyelipia ni mkewe. Jumapili moja alipomhimiza Lois wafanye haraka wasichelewe mkutano, Lois alimrushia kiatu. Kwa miaka 17 alingoja mumewe aache pombe, na alipoacha, hakumpata. Alikuwa na walevi wake. Ni kutokana na kiatu hicho, naweza kusema, ndipo baadaye, mwaka wa 1951, Lois alishirikiana na mwenzake kuanzisha Al-Anon, vikundi vya jamaa za walevi. Kama nyumbani kwenu kuna mlevi, kumbuka kwamba nawe una rika lako.

Sasa tuje kwenye lile swali la pesa. Kama miaka miwili baada ya Bill kuacha pombe, mwenye hospitali ya Towns, Charles Towns, alimwita ofisini. Biashara ilikuwa imeshuka, na alikuwa ameona kwamba wagonjwa waliozungumza na Bill walikuwa na nafuu. Akampa ofa: ofisi humo humo hospitalini, posho, na sehemu ya faida. Bill angekuwa mtaalamu asiye daktari, mlevi aliyepona anayetibu walevi. Kwa lugha ya leo, mshauri rika wa kuajiriwa, labda mmoja wa wa kwanza kabisa.

Jiulize wewe ungefanyaje. Bill alikuwa na miaka 40 na ushei, anaishi katika nyumba ya baba mkwe yenye deni la benki, mke anasimama dukani kutwa nzima. Alipanda treni ya chini kwa chini kurudi nyumbani akiwa na raha, hata mstari wa Biblia ukamjia kwamba mfanyakazi anastahili ujira wake. Jioni hiyo kulikuwa na mkutano nyumbani. Akawaambia wenzake habari njema.

Nyuso zikabaki vilevile. Kisha mmoja akazungumza kwa upole, kwa niaba ya wengine. Alimweleza kwamba wanajua ana shida, na wao pia inawauma. Lakini kinachowaunganisha hakiwezi kuuzwa. Akilipwa yeye kwa kufanya wanachofanya wao bure, je, wao wataendelea? Na jambo likifungwa kwa hospitali moja, la mlevi wa hospitali nyingine litakuwaje? Wakamwomba aikatae.

Yule mtoto wa bumarengi, asiyekubali kushindwa, alikaa kimya akawasikiza. Kisha akakubali. Kesho yake hakuwa na kazi.

Hadithi hii nimeisoma mara nyingi na kila mara najikuta nimegawanyika. Wenzake walikuwa na hoja. Mtu akikupigia simu saa tisa usiku kwa sababu chupa iko mbele yake, hapaswi kuwaza bili. Na nguvu ya Bill kwa Dkt Bob ilitokana na kwamba wote wawili walikuwa wahitaji. Lakini pia namwona Lois akisimama dukani, na najua ni nani hulipia huduma za bure. Hapa kwetu utamkuta kijana anayekaa na waraibu mtaani siku tano kwa wiki, anajua nani amerudia na nani anatafuta nafasi ya matibabu, na anachopewa ni nauli na chakula cha mchana. Pengine na tisheti. Utaniambia kama nimekosea.

Bill mwenyewe alirudi kwenye swali hilo. Mwaka wa 1938 tajiri John D. Rockefeller Mdogo alitoa dola 5,000 tu, akihofia kwamba pesa nyingi zingeharibu mambo. Zilimsaidia Dkt Bob kumaliza deni la nyumba na kuwapa wote wawili posho ndogo ya kila wiki. Mwaka uliofuata kitabu chao kikatoka, ambacho ndicho kilichokipa chama jina, na mwaka huohuo benki ikachukua nyumba ya Clinton. Bill na Lois walihamahama kwa watu kwa miaka miwili, zaidi ya makazi 50, hadi walipopata nyumba yao kaskazini mwa jiji. Mnamo Machi 1941 jarida la Saturday Evening Post liliandika kuhusu AA, na wanachama wakaongezeka kutoka 2,000 hivi hadi 8,000 kabla ya mwaka kuisha. Kitabu kikaanza kuuzwa. Ndiyo, Bill aliishi kwa mapato ya kitabu hicho. Dkt Bob kwa upande wake alitibu walevi wapatao 5,000 mjini Akron, pamoja na mtawa mmoja wa hospitali, bila kuwatoza ada yake.

Kanuni waliyoafikiana mwishowe, iliyopitishwa pamoja na nyingine 11 mwaka wa 1950, ni hii: mlevi kumsaidia mlevi katika AA ni bure daima, lakini ofisi za chama zinaweza kuajiri watu. Na wanachama walipoanza kuajiriwa na mashirika na hospitali kama washauri, wengine wakawaita wasaliti, Bill aliwatetea. Alisema hawauzi urafiki, wanalipwa kwa kazi nyingine iliyo karibu nao. Nadhani hapo ndipo penye jibu kwa wewe unayejaza fomu ya mafunzo. Zamu yako, ripoti zako, safari zako za kumpeleka mtu kliniki, hizo ni kazi na kazi ina malipo, tena udai. Ule ukweli unaomweleza mtu mkiwa wawili, kwamba nawe ulilala mtaroni, huo hauna risiti.

Mponyaji aliyeshindwa kuamka

Kuanzia 1944 ile huzuni ya ujana ilimrudia Bill, ikakaa naye kwa miaka 11 hivi, ikija na kwenda. Barua za kushukuru zilikuwa zinamiminika kutoka kote, na aliyeandikiwa alikuwa kitandani, au amekaa mezani kichwa kikiwa mikononi. Alitafuta daktari wa akili. Baadhi ya wanachama walichukizwa, wakidai kwamba kama angefuata hatua 12 alizoziandika mwenyewe hangekuwa hivyo.

Ukifanya kazi hii utakutana na watu wa namna hiyo. Wanataka uwe umepona kabisa, umepona kwa mfano, kama picha ya ukutani. Bill alikuwa na miaka kumi bila pombe na bado alikuwa mgonjwa wa kitu kingine, na hakurudi kwenye chupa. Yote mawili ni kweli kwa wakati mmoja.

Na hakuwa malaika. Alikuwa na wanawake nje ya ndoa. Mmoja wao alimwachia katika wosia asilimia 10 ya mapato ya kitabu. Mwaka wa 1956 alijaribu LSD, ambayo wakati huo ilikuwa halali na ikichunguzwa na madaktari, akawaudhi wenzake. Sigara ilimshinda kabisa. Hata mapafu yalipoharibika na akawa anapumua kwa oksijeni, bado alivuta. Lakini jarida la Time lilipotaka picha yake alikataa, na Chuo Kikuu cha Yale kilipotaka kumpa shahada ya heshima mwaka wa 1954, aliikataa pia, maana chama ni cha wasiotaja majina.

Siku za mwisho, mwishoni mwa 1970, aliwaomba wauguzi wampe wiski. Hawakumpa. Miaka 36 bila kuonja, na mwili bado unakumbuka. Alifariki Miami tarehe 24 Januari 1971, siku ya kuadhimisha miaka 53 ya ndoa yake na Lois. Ni hapo ndipo magazeti yalichapisha jina lake kamili.

Alizikwa East Dorset, kule alikozaliwa nyuma ya baa. Hapa Kenya pia vikundi vya AA hukutana, Nairobi na kwingineko, na kuingia hulipi chochote. Kaburi lake lina jiwe dogo jeupe lililoandikwa jina, tarehe na cheo chake cha jeshi. AA haijatajwa. Juu ya jiwe na pembeni yake watu huacha sarafu, zile wanachama wanazopewa kuhesabu miezi na miaka tangu walipokunywa mara ya mwisho.